Mtumbwi Wenye Alama ya Baba

Majengo, Mpanda
Alhamisi, 9 Agosti 1956

Kwako kaka yangu Dionizi Fabiani,

Salamu zangu zikukute huko Korogwe kwenye mkonge, pamoja na za Mama, ambaye ameketi hapa uani anachambua maharage na hajui ninaandika nini. Je, hali yako? Kile kidonda cha mguuni ulipochomwa na mwiba wa katani kimefunga? Bado unakaa chumba kimoja na wale wenzetu wa Inyonga, au wamekwisha maliza mkataba wao? Nimezoea kuandika kwamba sisi huku ni wazima, na mkono ulikwisha anza kuandika hivyo wenyewe, nikauzuia. Si wazima, kaka. Baba yuko mahabusu hapa bomani tangu tarehe nne Julai, na Jumatatu hii inayokuja Bwana Shauri atamhukumu. Wengine wanasema miaka miwili, wengine mitatu. Wewe unajua umri wa Baba na unakijua kifua chake. Akifungwa hatutamwona tena.

Najua umesikia, maana Severini jirani yetu aliniambia amekuandikishia barua kwa mwalimu wa katekisimu. Ila Severini amekueleza alichokiona yeye, na hakuona yote. Kwangu hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza nimezichana, moja nikiwa nimekwisha bandika stampu. Nakuomba uisome hii mpaka mwisho kabla hujasimama, na kama kuna mtu anakusomea, mwambie asiendelee, tafuta pembeni usome mwenyewe polepole.

Nianze na Romana. Mwaka jana nilikuandikia kwamba nimepata mchumba hapa Majengo, binti wa Mzee Maximilian, yule mwashi aliyejenga ukuta wa kanisa. Romana ana kaka mmoja tu, Telesphor, fundi cherehani, aliyekuwa akishonea barazani kwa baba yake. Ungempenda. Mtu wa utani tangu asubuhi mpaka jioni, na kila mteja aliyepita pale hakuondoka bila jina jipya. Mimi aliniita Karani wa Mto. Jina hilo nilijitafutia mwenyewe, kwa sababu nilipoanza kwenda kwao sikuwa na kitu cha kujivunia. Ukarani wa stoo ya mgodini wanao wengi. Basi nikajivunia mto wetu.

Kaka, nilisema mno. Niliwaambia Ugalla si mto wa kuchotea maji tu, ni mto wenye habari zake: kwamba misafara ya pembe ilivuka pale kwetu ikielekea ziwani, kwamba bibi yetu aliwaona ruga-ruga, wale wapiganaji wa zamani, wakioga kwenye kivuko kile kile tulichooga sisi. Nikawaambia mtu anaweza kuushuka kwa siku moja, kutoka kwetu mpaka kwenye daraja la reli, na hata asiyewahi kushika kafi maishani atajifunza kabla jua halijapanda, maana mwezi wa sita maji yametulia na viboko wamehamia juu kwenye mabwawa. Yote hayo ni kweli, wewe unajua. Uongo ulikuwa mmoja tu, niliposema kwamba mimi ndiye nitakayewaongoza. Mimi ambaye tangu niende shule sijapiga kafi hata siku kumi.

Telesphor hakuniacha. Kila nikipita ananiuliza safari ya mtoni lini, au mto wenyewe uko kwenye daftari la stoo. Aliposikia mitumbwi ya Baba ni ya magome, alicheka mpaka akashika cherehani asianguke, akauliza kama tutampakia kwenye ganda la mti kama dudu. Watu barazani wakacheka, na Romana akacheka. Mimi nikacheka pia, lakini liliniuma, na nikaapa moyoni kwamba atauona mtumbwi wa Baba na atanyamaza.

Tukapanga siku. Sikukuu ya Petro na Paulo ilianguka Ijumaa, wao wangesali misa ya asubuhi kisha wapande treni mpaka Ugalla, na Jumamosi tungeshuka mto. Wangekuja watatu: Telesphor, Romana, na binamu yao Lusia wa kumsindikiza Romana kama desturi inavyotaka. Mimi niliomba ruhusa kazini nikatangulia kwa malori ya mgodi siku ya Jumatano, nikatayarishe mambo nyumbani.

Nilimkuta Baba anafunga mzigo wake wa kwenda porini kukagua mizinga. Nilimweleza. Alifurahi, nisimsingizie, alifurahi kwamba wakwe watakuja kuona kwetu, akamwagiza Mama asiuze ile asali nyeupe. Kisha akaniambia hivi: tuchukue mtumbwi wa Severini, ule wa kuchonga, Severini mwenyewe apige kafi. Unabeba watu wanne. Kwa hiyo atapanda Severini na wageni watatu, na mimi, kwa kuwa ni mwenyeji, nitembee ukingoni niwafuate kwa miguu, njia ya wawindaji ipo mpaka darajani. Mtumbwi wake wa gome usiguswe. Ulikuwa umezamishwa kwenye maji ya kivulini, mawe juu yake, kama anavyofanya siku zote mvua zikiisha ili gome lisikauke. Mshono wa pua ya mtumbwi, pale mbele, ulikuwa umechoka, na yeye alikuwa anakwenda kutafuta utomvu huko porini aje auzibe upya akirudi. Alisema hayo mara moja tu, akajitwisha mzigo wake akaenda. Baba hana tabia ya kurudia neno.

Hebu fikiria, kaka. Miezi mitatu nimeitwa Karani wa Mto, halafu siku yenyewe ikifika mchumba wangu anapita katikati ya maji na Severini, na mimi natembea ukingoni kama mchunga mbuzi! Telesphor angeipata hadithi ya kusimulia mpaka uzeeni.

Laiti angeipata.

Ijumaa jioni wageni walifika. Mama aliwapokea kwa vigelegele, tukala kuku, Telesphor akamwita Mama mkwe wa taifa na Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Telesphor alikuwa amevaa shati jeupe alilolishona kwa ajili ya safari, lenye mifuko miwili, na viatu vya kamba. Aliniletea habari za suti yangu ya harusi, ambayo alikuwa anaishona mwenyewe kama zawadi. Suruali imekwisha, koti limebaki mkono mmoja. Alisema mkono huo anauweka rehani mpaka nimfikishe darajani mkavu.

Jumamosi asubuhi tuliondoka na mitumbwi miwili. Severini aliwachukua Romana na Lusia. Mimi nilimchukua Telesphor kwenye mtumbwi wa Baba. Severini alipouona mtumbwi huo majini aliniuliza kama Mzee ameruhusu, nikamjibu ameruhusu. Hakuuliza tena, maana kwetu mtu haulizi mara mbili habari ya chombo chenye alama ya mtu, ukisema mwenyewe ameruhusu basi ameruhusu. Na mtumbwi ulikuwa unapendeza, nakuambia. Ulikuwa unang'aa kama meza ya padri. Telesphor aliuzunguka, akapapasa ile mistari mitatu ya alama ya Baba iliyochomwa puani, akakosa la kusema. Nilifurahi kiasi cha kuona haya kukuandikia.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri, lazima niseme. Nilimfundisha akae chini kabisa, asisimame kwa sababu yoyote, ashike kafi juu na kati, avute kwa mgongo na si kwa vidole. Alijirowesha, akatuzungusha kama kuku aliyekatwa kichwa, akatukana kwa Kifipa, kisha akaelewa. Fundi ana mikono inayosikia. Tulipofika kwenye kivuko cha zamani nilimwonyesha pale ambapo mawe yamelika kwa nyayo za wapagazi, akavua kofia. Romana na Lusia walikuwa mbele kidogo wanaimba nyimbo za Maria, na Severini anaitikia kwa sauti yake ile ya ng'ombe.

Kabla ya saa sita Telesphor alimpigia Romana kelele majini kwamba shemeji amempakia kwenye mtumbwi unaotoka jasho. Wote walicheka. Romana amelisimulia neno hilo msibani, amewasimulia shangazi zake, na juzi alinisimulia mimi mwenyewe, akilia na kucheka kwa pamoja, kwamba hilo ndilo neno la kaka yake analolikumbuka kuliko yote. Mtumbwi unaotoka jasho. Likumbuke neno hilo, nitalirudia.

Saa sita tulipumzika kwenye mchanga, tukala mihogo na samaki. Niliuvuta mtumbwi juu ya mchanga, juani, ili Telesphor asiloweshe viatu vyake akipanda. Tulikaa karibu saa nzima. Kisha tukaendelea, Severini akitangulia, akapinda kona, tukawa hatuwaoni. Pale chini ya kona kuna lile lindi la maji meusi ambalo Baba alitukataza kuogelea tukiwa wadogo. Katikati ya lindi mshono wa pua ulifunguka. Maji hayakuingia kidogo kidogo, yaliingia kama mtu amefungua mlango. Telesphor alisimama. Gome likapasuka kutoka puani mpaka katikati, na sote tukawa majini. Nilimshika shati mara moja. Lilichanika mfukoni, likaniachia kipande mkononi. Nilizama, nikazama tena, kaka, nilizama mpaka nikatapika maji na damu. Hakuwa anajua kuogelea, na vile viatu vilikuwa vimefungwa kamba mpaka juu. Severini alipinda kurudi aliposikia kelele zangu. Tulimpata Jumatatu kwenye matete, na sitakuandikia alivyokuwa.

Baba alirudi kutoka porini Jumapili, akakuta watu wamejaa uani. Alikwenda moja kwa moja mtoni pamoja na wanaume wengine, wakautoa ule mtumbwi, na mimi nilikuwa nimesimama pale. Baba alipiga magoti. Akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye mshono wa pua, akatoa kipande kidogo, akakinusa, akakisaga baina ya vidole. Kisha akanitazama. Halafu akasimama akajipangusa mikono kwenye shuka, akawaambia wanaume wote waliokuwepo kwamba mshono ule aliuziba yeye, kabla hajaenda porini, na kwamba alama iliyo juu ya chombo ndiyo itakayojibu. Askari walipokuja Jumatano, aliwaambia hivyo hivyo.

Sasa nikueleze habari za shauri, maana nadhani Severini ameona aibu kukuandikia yote. Tarehe ishirini Julai Baba alisimamishwa mbele ya Bwana Shauri. Warina asali wote wa Ugalla walikuja, wengine wametembea siku mbili, kwa sababu hawakuamini. Bwana Shauri aliuliza kupitia kwa mkalimani mtumbwi wa gome unazibwa kwa kitu gani. Baba alieleza: nta, utomvu, na mkaa uliosagwa, vichemshwe pamoja mpaka viwe kitu kimoja, maana nta tupu inalainika juani. Akaulizwa kwa nini basi mtumbwi huu ulikutwa na nta tupu. Baba akajibu kwamba yeye ni mzee, na alisahau.

Alisahau! Mzee Fabiani! Nilimwona Severini anainamisha kichwa. Mtu ambaye watu walitoka Inyonga na Sikonge kuja kumwuliza namna ya kushona pua ya mtumbwi, amesimama bila viatu mbele ya Severini, mwanafunzi wake mwenyewe, akisema amesahau kutia utomvu. Walipotoka nje hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanamhurumia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wiki iliyofuata watu wawili walikuja kumrudishia Mama mizinga waliyokuwa wameagiza kwa Baba, wakaiweka uani kwa adabu kabisa.

Kaka Dionizi, Baba hakusahau. Mtumbwi niliuziba mimi.

Alhamisi, Baba alipokwisha ondoka, niliuona ule mtumbwi chini ya maji na nikauonea haya. Ulikuwa na tope, konokono wameganda pande zote, unanuka. Nikafikiria Telesphor na maneno yake ya ganda la mti. Nikayaondoa mawe, nikautoa, nikausugua kwa mchanga, nikauanika juani Alhamisi nzima na Ijumaa nzima ukauke niweze kuupaka nta ung'ae. Mimi mtoto wa Fabiani nilianika gome juani siku mbili! Mgeni asiyejua kitu asingefanya hivyo, angeuacha ulipo. Mimi nilijua kiasi cha kuuharibu tu. Jumamosi alfajiri nilikuta ufa kwenye mshono wa pua, urefu wa shubiri. Niliuona, kaka. Niliutia kidole.

Na dawa yake naijua. Unakumbuka tulivyokuwa tunakoroga chungu, wewe ukishika mwiko na mimi nikisaga mkaa, na Baba akitukataza kutoka hapo mpaka jua linazama? Utomvu haukuwepo, Baba alikuwa ameufuata porini. Ningeweza kusema. Ningewaambia wageni mtumbwi umepasuka, Telesphor apande kwa Severini, mimi nitatembea. Basi. Wangenicheka mpaka darajani, na jioni tungekunywa togwa pamoja. Badala yake niliingia jikoni nikachota nta kwenye chungu cha Mama, nikaipasha, nikaukandika ufa ule, nikaulainisha kwa kidole mpaka usionekane, na asubuhi ile yenye baridi nta ikashika vizuri kama simenti. Nilijiambia itatufikisha. Safari yenyewe ni siku moja tu.

Na lile neno la jasho ni langu. Kabla hatujafika kwenye kivuko cha zamani Telesphor aliniambia suruali yake imelowa, akaniuliza kama maji yanaingia puani, miguuni kwake. Nilitazama. Yalikuwa yanaingia. Ukingo ulikuwa karibu kuliko kutoka nyumbani kwetu hadi kisimani. Nikamwambia mitumbwi ya magome hutoka jasho masaa ya kwanza, sisi wa mtoni tunajua. Aliniamini. Aliona ni jambo zuri hata akampigia dada yake kelele amwambie. Sasa Romana anautunza uongo wangu kama ukumbusho wa kaka yake.

Baba alijua tangu alipokinusa kile kipande cha nta. Mama alijua kabla yake, kwa kuwa alikuwa anawasha moto nilipochota kwenye chungu, na aliniuliza ya nini, nikamwambia ni ya kupaka makafi. Tangu aje hapa kukaa kwangu ili ampikie Baba, hajaniuliza swali hata moja. Kila siku anafunga chakula cha Baba kwenye kitambaa, ananiwekea na changu, ananiambia kula mwanangu. Ni hayo tu. Jana Mzee Maximilian alimkuta bombani akatema mate mbele ya miguu yake, mbele ya wanawake wote. Mama alijaza ndoo yake akarudi nyumbani. Nilijua kwa Lusia, Mama mwenyewe hakuniambia.

Utaniuliza, na una haki, nimefanya nini wiki hizi sita. Nilikwenda mahabusu siku ya tatu, nikamwambia Baba nataka kusema ukweli. Alinijibu kwa Kikonongo ili askari asielewe. Alisema yeye amekwisha kula miaka yake, na mimi nina kazi ya kalamu na mke njiani, na wewe uko mbali, nani atamzika mama yenu. Akasema nikifungua mdomo atamwambia Bwana Shauri kwamba nimepata wazimu wa msiba, na watamsikiliza yeye, maana alama ni yake. Akaniamuru niondoke. Na mimi, kaka, hili ndilo linalonitafuna kuliko yote, nilipotoka nje ya ngome ile nilisikia nafuu. Nilitembea mpaka Majengo nikiwa na nafuu. Nikajiambia ninamtii Baba.

Lililonivunja ni koti. Jumanne Romana alikuja hapa akiwa na furushi. Aliniambia baba yake ameapa hatasamehe, wala hataki kumsikia Fabiani yeyote, lakini yeye amemjibu kwamba kosa la mzee si kosa langu, na kwamba mimi nilizama kumtafuta kaka yake mpaka nikatapika damu, na atanisubiri hata miaka. Kisha akafungua furushi. Ilikuwa suti yangu. Koti lina mkono mmoja, na upande wa pili kuna uzi mweupe wa kushikiza na alama za chaki za Telesphor, bado zinaonekana. Alisema tunaweza kutafuta fundi mwingine amalizie. Akanivalisha hapo hapo aone kama linanikaa vizuri. Mama alikuwa mlangoni. Aliangalia mara moja, akageuka akaenda nyuma ya nyumba, na nikamsikia analia kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Kwa hiyo nimeamua. Nikimaliza kuandika, barua hii ninaipeleka stesheni, iwemo kwenye mfuko wa posta wa treni ya kesho. Ninaiweka kwanza kabla ya kwenda kokote kwa sababu najijua. Mdomo wangu unaweza kugeuka njiani, lakini hii ikishapanda treni siwezi kuifuata. Kutoka stesheni nakwenda kwa Mzee Maximilian na koti mkononi. Nataka Romana asikie kutoka kwangu, na habari ya jasho nitamwambia pia, ingawa sijui nitaanzaje. Akinipiga baba yake nitakaa nipigwe. Kesho asubuhi bomani. Baba atasema nimepata wazimu, alikwisha niahidi, lakini Severini alikihifadhi kipande cha pua ya mtumbwi darini kwake, na nimemtumia ujumbe akilete. Ufa uko pale, na nta yangu bado imeganda ndani. Mrina asali yeyote akiikwaruza kwa ukucha atajua si utomvu tu uliokosekana, Baba hajakandika mshono hivyo maisha yake yote. Wale watu wa Ugalla nataka Jumatatu wawepo wote wasikie kwamba hakusahau.

Ninaogopa, kaka. Sitakuficha hilo pia. Sijui kama watamwachia Baba au watatushika wote wawili, yeye kwa kusema uongo. Wakati unasoma haya yatakuwa yamekwisha. Ninachokuomba ni kimoja, uje nyumbani. Omba ruhusa, wakikunyima, acha mkonge. Mama asibebe chakula cha mfungwa peke yake, yeyote kati yetu atakayekuwa ndani. Na Baba akitoka na akikataa kusema nami, usimlazimishe. Kaa naye tu, mchemshe utomvu pamoja, watu wakipita wawaone.

Nisalimie wenzako wa Inyonga, waambie mvua za kwao zilikuwa nzuri na mtama upo. Shangazi Kasilda anakusalimu, macho yake yamepata nafuu. Mama ameniuliza sasa hivi namwandikia nani, nikamwambia wewe, naye anasema uvae viatu shambani na usisahau sala za jioni. Ananitazama mno. Nadhani anajua na hili.

Kwaheri, kaka yangu. Mungu akulinde njiani utakapokuja.

Ni mimi mdogo wako,
Cletus Fabiani,
niliyeuziba mtumbwi.